Mwalimu Marseli na Dereva wa Nainokanoka

Marseli alikuwa mwalimu mwenzangu katika shule ya sekondari pale Karatu kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Mimi nilifundisha Kiswahili, yeye alifundisha uraia, na mwalimu wa historia asipokuwepo alishika historia pia. Kwao ni Mbulumbulu, kwa Wairaqw wanaolima ngano na maharage, na alikuwa mrefu mwenye sauti ndogo, sauti ya kukulazimu usogee ili usikie. Kabla ya ualimu alikuwa mseminari. Alisoma falsafa miaka mitatu, akafika pa kuingia teolojia, akaomba kuondoka. Hakufukuzwa, kama watu walivyopenda kudai. Aliniambia mwenyewe kwamba alimwendea gombera, mkuu wa seminari, akamweleza kuwa kila akipiga magoti hujikuta anabishana, wala hasali.

Alichotoka nacho huko ni falsafa ya maadili, na aliipenda kama mtu anavyoupenda mlima wa kwao. Aliona ni aibu elimu ile kufungiwa seminarini na vyuo vikuu, wakati wanaohangaika na jema na baya wako mnadani, mashambani na kwenye magari ya watalii. Mwaka 1995 akaomba ghala la chama cha ushirika, ambalo lilikuwa tupu tangu chama kife, akaazima mabenchi kanisani, akaanza darasa lake kila Jumamosi saa tisa alasiri. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyeandikishwa. Wiki ya kwanza tulikwenda watu saba, mimi nikiwa mmoja wao kwa sababu ya kumwonea huruma. Baada ya mwaka, mabenchi yalikuwa hayatoshi.

Hakutaja majina ya wanafalsafa. Alikuja na jambo la pale pale mjini. Mgonjwa anakufa, naye anakuuliza kama atapona. Je, ukimwambia atapona umemkosea? Mtalii anampiga picha bibi kizee bila kumwomba, kisha anampa pesa; je, pesa ile imesawazisha? Watu walibishana mpaka wakasimama. Kulikuwa na wakulima, wapishi wa hoteli, mama wenye magenge, na madereva wengi, maana dereva wa Karatu anakaa siku nyingi akisubiri safari na hupenda mazungumzo. Marseli aliwaacha waseme, halafu kwa ile sauti yake ndogo aliuliza swali moja, na aliyekuwa akisema kwa nguvu akajikuta hana pa kushika. Nilimwona akitabasamu nyakati hizo. Alipenda ukweli, lakini alipenda pia kushinda, na sijui kama yeye mwenyewe alikuwa akivitofautisha.

Miongoni mwa madereva alikuwepo Inosenti, Mchaga wa Rombo, mtu wa miaka thelathini na kitu. Hakuendesha watalii. Aliendesha Landrova ya mradi mmoja mdogo wa afya ya mama na mtoto, gari pekee lililokuwa likipanda hadi vijiji vya wafugaji kule juu, Nainokanoka na kwingineko, kuwateremsha wanawake waliokwama kujifungua. Mke wake, Ndeshi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mbulumbulu na aliishi katika nyumba ya shule pamoja na binti yao, Anneth. Inosenti alikaa Karatu siku za kazi, na kila gari lilipompa nafasi alikwenda kwao. Nilimfahamu Anneth. Alikuwa na miaka minne, na alikuwa na desturi ya kumshika mgeni kidole kimoja tu, cha shahada, na kutembea naye hivyo.

Mwaka 1997 mvua za masika zilikataa, na kufikia Agosti kulikuwa na njaa. Mahindi ya msaada yalipoletwa, mwenyekiti wa kitongoji kimoja aliwapa kwanza watu wa nyumba yake, na mji mzima ukamsema. Marseli akalileta jambo lile ghalani. Watu walimlaani mwenyekiti, lakini Inosenti alisimama akamtetea. Alisema baba anayemwacha mwanawe na njaa ili amlishe mtoto wa mtu mwingine si baba.

Marseli akamuuliza, "Mtoto wako na mtoto wa mtu usiyemjua, yupi anastahili zaidi kuishi?"

Inosenti akajibu kuwa ni wake.

"Kwa sababu gani? Ukiacha kwamba ni wako."

Inosenti alifikiri. Akasema kwa sababu anampenda. Marseli akasema kwa upole kwamba yule mwingine naye anapendwa na baba yake, na njaa inamuuma vile vile, na kufa kwake ni kufa kule kule. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Inosenti akakaa.

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema, kabla ya wengine, akamwambia Marseli kwamba amefikiri wiki nzima, hata njiani akiwa na wagonjwa, na hana sababu. Mtoto ni mtoto. Marseli aliporudi shuleni Jumatatu alinisimulia kwa furaha. Alisema katika miaka yote ya darasa lile, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyebadili mawazo yake kwa hoja tupu, bila kuonewa wala kuogopeshwa. Kweli upo upande wa pili, wa wasemao kwamba udugu una haki zake, na Marseli aliujua vizuri kuliko sote. Aliahidi kuueleza Jumamosi nyingine. Lakini Jumamosi ile kulikuwa na mazishi mjini, na iliyofuata mvua kubwa za El Nino zilikuwa zimeanza, na jambo hilo likapita.

Mvua zile hazikukatika. Madaraja yalikwenda, magari yalilala njiani siku mbili, na kufika Januari 1998 barabara ya Mbulumbulu ilikuwa tope tupu na makorongo yaliyojaa na kupungua saa yoyote.

Ilikuwa Alhamisi. Saa nne asubuhi redio kolu ya mradi ililia kutoka Nainokanoka. Mganga wa zahanati alisema ana mwanamke, Nanyori, uzazi wake wa kwanza, ana uchungu tangu jana jioni, na mtoto amekingama tumboni. Bila upasuaji wote wawili watakufa. Inosenti alikuwa akifunga minyororo kwenye magurudumu alipofika mtu wa Mbulumbulu na baiskeli, ametapakaa tope mpaka kiunoni, akampa kikaratasi cha Ndeshi. Kilikuwa na maneno machache: Anneth anapumua kwa shida tangu alfajiri, njoo na gari.

Mbulumbulu ni mashariki, Nainokanoka ni juu kaskazini, nyuma ya kreta. Gari ni moja. Mkuu wa mradi alikuwa Arusha na simu zilikuwa zimekatika. Inosenti akamuuliza yule mtu kuhusu korongo la njiani, naye akasema maji yako magotini, gari litapita.

Saa nne na nusu nilikuwa darasani. Kupitia dirishani niliona Landrova ikisimama uwanjani, Inosenti akishuka, na Marseli akitoka kwenye chumba chake cha kidato cha tatu. Walisimama chini ya upenu, mvua ikidondoka mbele yao. Hawakusimama muda mrefu, hata ubao sikuumaliza kufuta. Halafu Inosenti akapanda gari, na nikaliona likishika barabara ya lango la hifadhi.

Yaliyofuata niliyasikia kwa watu mbalimbali. Kule juu ukungu ulikuwa mzito, na mara mbili Inosenti ilibidi ashuke ili kupapasa ukingo wa barabara kwa miguu. Alifika Nainokanoka saa nane. Alimpakia Nanyori, na mumewe, Senteu, akapanda nyuma kumshikilia. Waliteremka bila kusimama na kufika hospitali jioni, kabla jua halijazama. Nanyori alipasuliwa mara moja. Akapona, na mtoto wake wa kiume akalia.

Inosenti hakungoja kusikia. Aligeuza gari kuelekea Mbulumbulu.

Ndeshi alikuwa amesubiri mpaka saa sita. Alipoona kimya, alimbeba mtoto mgongoni, na majirani wawili wakamsindikiza kwa miguu, wakitumaini kukutana na gari njiani. Walipofika korongoni saa saba na robo, lilikuwa limekwisha kujaa maji yaliyoshuka kutoka milimani. Walikaa ukingoni wakingoja yapungue. Anneth alikata roho saa tisa, mikononi mwa mama yake.

Inosenti alipofika upande wa pili, mwanga wa jioni ulikuwa bado upo. Alimwona mkewe amekaa juu ya jiwe, kitenge kimemfunika mtoto mpaka kichwani. Maji yalikuwa yakinguruma kati yao na mtu asingeweza kusikika. Majirani walisema hakuna aliyepiga kelele. Inosenti alisimama kwenye tope mikono imening'inia, na Ndeshi akamtazama, na walikaa hivyo zaidi ya saa moja, mpaka maji yalipomruhusu mume kuvuka yakiwa yamemfika kifuani.

Walimzika Anneth Rombo, kwenye shamba la ukoo, kihamba cha babu yake. Tulichanga, na wachache walisafiri. Marseli hakwenda. Alisema ana mitihani ya kusahihisha, na niliiona mitihani ile mezani kwake wiki nzima, haijaguswa.

Baada ya majuma mawili alilifungua ghala. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, na hakuna aliyeleta mzaha. Mzee mmoja mkulima alisimama akavua kofia, akauliza, "Mwalimu, Inosenti alifanya vema?"

Marseli akaanza kama alivyozoea. Akasema kuna maoni mawili. Akasema la kwanza huhesabu watu, na kwamba huko mlimani walikuwa wawili. Hapo akachukua kipande chake cha chaki, akakiweka mfukoni, akatoka nje, na darasa la ghalani likaishia hapo. Mabenchi yalirudishwa kanisani na sisi wengine.

Jioni ile nilimfuata nyumbani. Mkewe alinionyesha kwa macho tu kwamba yuko uani. Hapo ndipo aliponiambia walichozungumza chini ya upenu. Inosenti alimweleza habari zote mbili kwa pumzi moja, kisha akauliza, "Mwalimu, niende wapi?" Marseli alisema aliogopa. Kama angesema nenda kwa mwanao, angekuwa amekana aliyomfundisha, na wanawake wangapi wangekufa mlimani kwa kila dereva kufuata mwanawe? Kama angesema nenda mlimani, angekuwa amemtuma baba amwache mtoto. Kwa hiyo alijibu jibu la mwalimu. Alisema, "Siwezi kukuamulia. Unajua tulivyosema."

"Nilijua atakwenda wapi," aliniambia. "Nilimtuma, halafu nikajitoa."

Nilikaa naye mpaka mkewe alipoleta uji.

Machi alimwandikia barua padri mmoja Mzungu aliyewahi kumfundisha falsafa na ambaye sasa alikuwa profesa huko kwao Ulaya. Alimweleza yote, pamoja na yale ya upenuni, akamuuliza kama kuna kitu alichokuwa hakukisoma. Jibu lilikuja Juni. Marseli alinipa nilisome. Ilikuwa barua ya mtu mwema. Ilimpa pole, ikamtia moyo, ikaeleza kurasa mbili habari za wajibu unaogongana. Mwisho ikasema kwamba tukio lile ni mfano wenye nguvu sana, na kama angekubali, profesa angependa kuutumia katika kitabu cha wanafunzi, majina yakibadilishwa. Marseli hakujibu, na sikumsikia tena akimtaja mtu yule.

Mwezi huo huo Senteu aliteremka kutoka Nainokanoka na mtamba mweupe mwenye mabaka. Alitembea naye siku mbili. Kwao mtu aliyekuokolea mke na mtoto huwezi kumwacha bila ng'ombe. Alimkuta Inosenti kwenye chumba chake cha kupanga, na kwa kuwa Marseli alikuwa amefika kumwona Inosenti, aliyasikia mazungumzo yao. Senteu alikuwa ameambiwa habari za Anneth siku ile ile asubuhi, pale mnadani. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akasema polepole kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Dereva, tulikaa gari moja saa nyingi. Hukusema una mtoto mgonjwa. Ningejua, nisingepanda."

"Ndiyo maana sikukwambia," Inosenti akajibu.

Inosenti alikataa kumpokea mtamba. Senteu naye hakuweza kurudi naye, maana zawadi ya namna ile hairudi. Mwishowe Marseli aliomba amtunze mpaka mwenyewe atakapopatikana, na akamfunga nyuma ya nyumba yake. Alipoanza kuzaa, Marseli alikuwa akimpelekea Inosenti maziwa, naye aliyanywa bila kuuliza yametoka wapi.

Inosenti aliacha gari mwaka ule. Alikwenda kwenye shamba moja la kahawa, akaishi kwenye kambi ya vibarua pamoja na watu wa Singida na Dodoma waliokuwa hawajui habari zake, akapogoa na kuchuma kama wao. Alianza kunywa. Ndeshi alikuwa amerudi kufundisha Mbulumbulu, na alituma ujumbe mmoja tu, kwamba mumewe asije kwanza. Hakuomba talaka, wala hakumsema kwa watu. Hilo la "kwanza" lilikwenda miaka minne.

Marseli alimtembelea Inosenti kila Jumamosi, saa zile zile za ghalani. Nilipomuuliza wanaongea nini, alisema hawaongei. Anamkuta akifua, anamsaidia kukamua nguo. Siku moja Inosenti alimwambia kwamba hata leo, akirudishwa pale kwenye Landrova na kile kikaratasi mkononi, hajui angepindia wapi, na kwamba hili ndilo linalomnyima usingizi, kuliko hata kifo chenyewe. Marseli hakumjibu kwa hoja. Alisema aliogopa tena, lakini safari hii alibaki amekaa.

Mwaka 2000, wakati wa mavuno, alikwenda Mbulumbulu kwa Ndeshi. Alikuwa amechelewa miaka miwili na nusu na alijua. Ndeshi alikuwa akipepeta mahindi mbele ya nyumba ya shule. Alimkaribisha, akampa kigoda, akaendelea kupepeta. Marseli alimwambia yote ya upenuni. Alisema yeye ndiye aliyekuja kulaumiwa, si baba Anneth.

Ndeshi akauliza, "Ungemwambia aje kwetu, angekuja?"

"Angekuja."

Ndeshi akaweka ungo chini.

"Watu wengi wamekuja hapa kunieleza kama ilikuwa sawa au haikuwa sawa. Padri amekuja. Wanawake wa mradi wamekuja. Mimi siku ile sikuuliza sawa wala si sawa. Nilikuwa namsubiri tu."

Marseli aliomba msamaha. Ndeshi hakusema amemsamehe, wala hakusema hapana. Alimwambia giza linaingia na njia ni mbaya.

Inosenti aliugua kifua mwaka 2002. Watu wa kambini walimleta hospitali amekonda, na Marseli ndiye aliyemtumia Ndeshi habari, bila kumshauri chochote. Alikuja kesho yake. Alikaa na mumewe majuma matatu, akimwogesha na kumlisha, na wauguzi walisema walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini kwa Kichaga na hakuna aliyejua wanasema nini. Inosenti alikufa asubuhi moja ya Septemba, mkewe akiwa ametoka kwenda kuchota maji ya moto. Safari hii Marseli alikwenda Rombo. Alilala sakafuni pamoja na waombolezaji wengine na alishika jembe kwenye kaburi, ambalo lilikuwa hatua mbili kutoka lile dogo.

Hakurudi kufundisha watu maadili hadharani. Baadhi yetu tulimsihi, maana ghala lile lilikuwa limetufanya tuwe watu wa kufikiri, na mimi bado naamini hivyo. Alisema si kwamba elimu ile ni mbaya. Alisema aliigawa kama anayegawa dawa bila kukaa kumwangalia mgonjwa. Lakini watu wenye mashaka waliendelea kumfuata nyumbani, mmoja mmoja: mtu anayetaka kuuza shamba la ndugu zake, binti aliyeambiwa atoe mimba. Hakuwafukuza. Aliwasikiliza, akawaeleza pande zote alizozijua, na walipouliza, "Wewe ungefanyaje?" aliwaambia wazi angefanya nini, kisha akaongeza kwamba huenda anakosea. Na wakishaamua, alikwenda nao. Niliwahi kumwona kwenye benchi la hospitali siku nzima kando ya mtu ambaye hata ukoo wake sikuujua.

Mwaka 2004 Ndeshi alipata uhamisho kwenda Kilimanjaro, karibu na makaburi yake. Asubuhi ya kuondoka, Marseli alikwenda Mbulumbulu na punda wawili, akamsaidia kuteremsha masanduku mpaka mahali basi lilipokuwa likifika. Kuhusu ng'ombe wa Senteu na ndama zake wawili, Marseli alikuwa amemuuliza mapema awapeleke wapi, na Ndeshi alikuwa amejibu wagawiwe wale majirani wawili wa korongoni. Ndivyo ilivyofanyika.

Walitembea kwa muda wa saa mbili. Nilimuuliza Marseli baadaye walizungumza nini njia yote ile. Alisema Ndeshi alimweleza habari za maharage, kwamba mwaka huu yameshikwa na ugonjwa wa kutu na wakulima wasiponyunyiza dawa mapema watapata hasara. Alimtajia dawa na duka la kuinunua. Basi lilipokuja alipanda, akakaa upande wa dirishani, na Marseli akampitishia mfuko wake wa mwisho.